HISTORIA YA POPO WALALAO PANGONI

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Natumaini mmekwisha kaa vizuri, na kila mmoja ana daftari lake na kalamu yake. Nawe Mwalimu, kama unayo ramani ya dunia, itundike ukutani, maana leo tutasafiri mbali. Somo letu ni la historia, lakini hatutasema sana habari za wafalme. Tutasema habari za mnyama mdogo ambaye kila mmoja wetu amemwona jioni akiruka juu ya paa. Mnyama huyo ni popo.

Labda mtu mmoja hapo nyuma atauliza, "Popo ana historia gani?" Swali lake ni zuri. Historia ni habari za mambo yaliyobadilika, pamoja na sababu zilizoyabadilisha. Hesabu ya popo katika nchi za baridi imebadilika sana katika muda wa miaka 200, na mara nyingi aliyeibadilisha ni mwanadamu. Kwa hiyo historia ya popo ni historia yetu pia.

Popo ni mnyama wa namna gani?

Tulipokuwa watoto tulisimuliwa kwamba popo alikataliwa na ndege, tena akakataliwa na wanyama, ndiyo sababu huona haya kutoka mchana. Hadithi ni tamu, lakini kweli ni kwamba popo ni mnyama. Ana manyoya kama ya panya, huzaa mtoto, na humnyonyesha. Duniani ziko aina zaidi ya 1,400 za popo. Wengine hula matunda, na hao mnawajua, maana huja katika miembe yetu. Wengine hula wadudu, kama vile mbu na nondo.

Katika mapango ya Amboni, karibu na Tanga, wamo popo wengi. Pwani yetu ina joto mwaka mzima, na wadudu hawakosekani kabisa. Kwa hiyo popo wetu hawana haja ya kulala miezi mingi mfululizo.

Sasa fikirini nchi ya baridi. Katika sehemu za kaskazini za Marekani, mwezi wa Desemba, Januari na Februari, maji huganda, theluji hufunika ardhi, na wadudu hawaonekani. Popo alaye wadudu atakula nini? Ana njia mbili tu. Ama ahamie mahali penye joto, kama wafanyavyo ndege wengi, ama alale mpaka baridi iishe. Popo wengi wa huko hulala. Huingia katika mapango na katika migodi iliyoachwa, hujining'iniza kwa miguu, wakakaa humo miezi sita, pengine zaidi.

Usingizi wa baridi

Kulala huku si usingizi kama wetu. Popo akiruka, moyo wake hupiga mara mamia kwa dakika moja. Akilala usingizi wa baridi, moyo hupiga mara 20 hivi, au pungufu ya hapo. Pumzi zake huwa chache mno. Mwili wake hupoa mpaka ukakaribia kuwa sawa na baridi ya pango. Ukimwona utadhani amekufa. Kwa njia hii hutumia chakula kidogo sana, na chakula chenyewe ni mafuta aliyoyaweka mwilini kabla ya baridi kuanza.

Wazee walisema, akiba haiozi. Yuko popo mmoja wa Marekani, mdogo, wa rangi ya kahawia. Uzito wake ni gramu 8 hivi, yaani wanatakiwa popo 125 kutimiza kilo moja. Akiba ya mafuta ya mnyama huyu ni gramu 2 au 3 tu, nayo yapasa imfikishe mpaka wadudu warudi.

Liko jambo moja ambalo nataka mlikumbuke mpaka mwisho wa somo. Kila baada ya siku nyingi, labda wiki mbili, popo huamka kwa muda mfupi. Ili aamke yampasa aupashe mwili wake moto, na kazi hiyo hula mafuta mengi. Sehemu kubwa ya akiba yake yote hutumika katika saa hizo chache za kuamka.

Nitatoa mfano. Mtu ana gunia moja la mahindi la kumfikisha mavuno. Kila mgeni anayebisha hodi usiku huondoka na pishi moja. Wageni wakiwa wachache, gunia litatosha. Wageni wakizidi, mwenye nyumba atakuta gunia tupu, na mvua bado. Ndivyo alivyo popo. Kila anayemwamsha humpunguzia akiba. Haina haja kumpiga wala kumgusa. Mwanga wa taa, kelele na joto la watu vyatosha.

Jambo la pili la kukumbuka ni hili: popo wengi wa aina hizi huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Panya huzaa wengi kwa mara moja, popo hafanyi hivyo. Badala yake popo huishi miaka mingi. Wako waliojulikana kuishi zaidi ya miaka 30. Basi popo wakifa wengi kwa pamoja, pengo lao halizibwi upesi.

Pango la baruti

Sasa tuanze safari yetu. Mwalimu, waonyeshe jimbo la Kentucky, katika Marekani. Huko liko pango liitwalo Mammoth. Ndilo pango refu kuliko yote yanayojulikana duniani. Njia zake zilizokwisha pimwa zimepita kilometa 680.

Mwaka 1812 vita vilianza kati ya Marekani na Uingereza. Manowari za Waingereza zilizuia mizigo kuingia katika bandari za Marekani, na baruti ikawa adimu. Ili kutengeneza baruti inatakiwa shura, na shura ilipatikana katika udongo wa mapango. Basi watumwa wapatao 70, watu weusi ambao asili yao ni bara letu la Afrika, walitiwa kazini katika pango la Mammoth. Walichimba udongo kwa mwanga wa moto, wakautia katika matangi ya mbao, wakaumwagia maji yaliyoletwa kwa mabomba ya magogo, kisha maji yale yenye shura yakatolewa nje kuchemshwa.

Vita vilipokwisha bei ya shura ilishuka. Kuanzia mwaka 1816 pango likawa mahali pa matembezi. Mwongozi aliyesifiwa kuliko wote alikuwa mtumwa, jina lake Stephen Bishop. Aliletwa pangoni mwaka 1838, akiwa kijana. Aligundua njia nyingi ambazo hakuna mtu mwingine wa wakati ule aliyezijua, na mwaka 1842 alichora ramani ya pango iliyotumiwa miaka mingi. Tena alijifunza kusoma na kuandika katika nchi ambayo watu wengi hawakutaka mtumwa ajue kusoma. Nawaambieni habari hii ninyi mnaoshika kalamu sasa, ili mjue kwamba mmefuata nyayo njema.

Lakini popo je? Karibu na mlango wa zamani wa pango hilo, kuta na dari zina alama zilizoachwa na miili ya popo waliojishikiza hapo miaka mingi, kama vile ukuta unavyopata alama mahali watu wanapoegemea kila siku. Wataalamu walipozichunguza alama hizo miaka ya 1990, walisema kwamba zamani popo wengi ajabu, pengine mamilioni, walilala humo. Leo waliobaki ni wachache mno. Sababu zaeleweka. Moto na moshi ziliingia. Watu wakaja makundi kwa makundi. Tena mlango ulibadilishwa ili upepo wa baridi usiingie na kuwasumbua wafanyakazi na wageni. Hakuna aliyekusudia kuwaangamiza popo. Waliwabishia hodi tu, mara nyingi mno.

Ukuta uliojengwa kwa nia njema

Tuvuke mpaka, twende jimbo la Indiana, kaskazini ya Kentucky. Huko liko pango la Wyandotte. Popo waliopatikana katika pango hili ndio waliowafanya wataalamu, mwaka 1928, watambue aina iliyokuwa haijaandikwa katika vitabu. Waliiita popo wa Indiana. Popo hawa hupenda kulala wamebanana, mamia kwa mamia, katika mapango machache tu. Kuwa na nyumba chache ni hatari, maana nyumba moja ikiharibika wengi huharibikiwa.

Katika miaka ya 1950 ukuta wa mawe ulijengwa mlangoni mwa pango hilo, ili watu wasiingie ovyo. Nia ilikuwa njema, lakini popo wakaanza kupungua. Kwa nini? Kwa sababu ukuta ulizuia watu, lakini ulizuia na upepo wa baridi pia. Pango likapata joto kupita ilivyokuwa zamani.

Hapa mtu atasema, "Si vizuri kupata joto wakati wa baridi?" Kwetu sisi ni vizuri. Kwa popo aliyelala ni hasara. Pango likiwa la baridi, mwili wake hupoa sana na mafuta huisha polepole. Pango likiwa na joto, mwili hufanya kazi zaidi na mafuta huisha upesi. Ukuta ule ulikuwa mgeni anayebisha hodi mchana na usiku.

Mwaka 1977 ukuta ulibomolewa. Wakati huo popo waliobaki walikuwa wachache. Mwaka 1991 walikuwa zaidi ya 10,000. Bila shaka wote hawakuzaliwa humo. Kwa kuwa popo huzaa mtoto mmoja kwa mwaka, lazima wengine walihamia kutoka mapango mengine baada ya kuona nyumba imerudi kuwa nzuri. Tangu hapo watu wamejifunza kuweka mlangoni vyuma vilivyolazwa, vyenye nafasi kati yake. Popo hupita, upepo hupita, mtu hapiti.

Serikali ya Marekani nayo ilikwisha anza kuamka. Mwaka 1967 popo wa Indiana aliandikwa katika orodha ya kwanza ya wanyama wa nchi hiyo walio katika hatari ya kwisha. Hata hivyo waliendelea kupungua. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 hawakufika nusu ya hesabu ya miaka ya 1960. Kisha wakaanza kuongezeka kidogo, na watu wakatumaini kwamba taabu imepita.

Ugonjwa wa pua nyeupe

Mwezi wa Februari mwaka 2006, mtu mmoja aliyezoea kutembelea mapango aliingia katika pango la Howes, karibu na mji wa Albany katika jimbo la New York. Aliona popo waliolala wana kitu cheupe puani, kama unga. Akawapiga picha. Hakuna aliyejua wakati ule kwamba picha hiyo ingekuwa ukurasa wa kwanza wa historia ya msiba.

Mwaka uliofuata, 2007, maofisa wa wanyama waliokwenda kuhesabu popo katika mapango ya sehemu hizo walikuta mizoga maelfu. Wengine walionekana wakiruka mchana juu ya theluji, wakitafuta wadudu ambao hawakuwapo, wakaanguka na kufa.

Kitu kile cheupe kilikuwa kuvu. Mnajua kuvu iotayo juu ya mkate au ngozi yenye unyevu. Kuvu hii hupenda baridi. Joto likizidi digrii 20 haistawi. Kwa hiyo popo aliyelala pangoni, mwili umepoa, ni shamba zuri kwake. Huota puani, masikioni na katika ngozi ya mabawa, ikaila ngozi hiyo. Mwaka 2009 wataalamu waliieleza katika maandishi na kuipa jina la Kilatini lenye maana ya "iharibuyo". Mwaka 2011 majaribio yalithibitisha kwamba ndiyo iletayo ugonjwa.

Inauaje? Rudini katika mfano wetu wa gunia. Popo mgonjwa huamka mara nyingi kuliko desturi. Kila akiamka, mafuta hupungua. Mwezi wa Februari akiba imekwisha, na nje bado theluji. Basi kuvu hii ni mgeni abishaye hodi bila kuchoka, tena amekwisha ingia ndani.

Ilitoka wapi? Kuvu hiyohiyo imeonekana katika mapango ya Ulaya, lakini popo wa huko hawafi kwa wingi. Yaonekana wamekaa nayo muda mrefu, na miili yao imeizoea. Popo wa Marekani hawakuwa wameiona kamwe. Wataalamu wengi huamini kwamba ilivukishwa bahari na mtu, labda katika matope ya viatu au katika kamba, bila mwenyewe kujua. Sisi tuna methali isemayo, mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii mgeni alikuja, mwenyeji akafa.

Ugonjwa ulienea upesi, kwa kuwa popo hugusana wanapolala. Mwaka 2012 serikali ilikadiria kwamba popo waliokwisha kufa hawapungui milioni 5 na laki 7. Mwaka 2016 ugonjwa ulionekana katika jimbo la Washington, upande wa pili wa nchi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba aina tatu za popo, mmojawapo yule mdogo wa kahawia, zilipoteza zaidi ya 90 kwa mia ya hesabu yake katika muda usiofika miaka 10. Maana ya 90 kwa mia ni hii: katika kila popo 10, wamekufa 9.

Tufanye hesabu kidogo

Chukueni kalamu. Huu ni mfano tu, lakini utatusaidia kuelewa. Pango lilikuwa na popo 1,000. Wakafa 900, wakabaki 100. Tuseme nusu yao ni majike, yaani 50. Kila mmoja amezaa mtoto mmoja, basi watoto ni 50. Wengi wa watoto hufa mwaka wa kwanza. Tuseme wamepona 20. Katika wale wakubwa 100 wamekufa 10. Mwaka ukiisha pangoni wamo wangapi? 90 na 20, jumla 110. Ongezeko ni popo 10 tu. Wakiendelea kuongezeka kwa kadiri hiyo, bila ugonjwa kurudi, itachukua miaka kama 25 kuwarudisha 1,000. Kilichopotea kwa miaka michache hurudishwa kwa umri wa mtu mzima.

Hasara hii si ya popo peke yao. Popo mmoja hula wadudu wengi kila usiku, na wadudu wengine ni adui wa mazao. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kwamba, katika wilaya za Marekani ambamo popo walikufa kwa ugonjwa huu, wakulima waliongeza dawa ya kuua wadudu kwa kadiri ya 31 kwa mia. Kazi iliyofanywa bure usiku, sasa inalipiwa fedha mchana. Tena dawa hizo ni sumu.

Je, tumaini lipo?

Lipo, lakini dogo. Katika mapango machache ya New York na Vermont, popo wa kahawia waliosalia wameacha kupungua. Mwaka 2019 wataalamu walieleza kwamba baadhi ya hao huingia pangoni wanene kuliko popo wa zamani. Wenye akiba kubwa ndio waliopona. Mapango mengi yamefungwa kwa watu wakati wa baridi, na waingiao huagizwa kusafisha viatu, nguo na kamba zao.

Habari za Ulaya pia zatutia moyo. Katikati ya karne ya 20 popo wa huko walipungua sana, kwa sababu ya sumu zilizotiwa katika mbao za mapaa na mashambani, na kwa kusumbuliwa mapangoni. Nchi zikatunga sheria, na mwaka 1991 mapatano ya kuwalinda popo wa Ulaya yalitiwa sahihi mjini London. Kati ya mwaka 1993 na 2011, hesabu za mapangoni katika nchi tisa zilionyesha kwamba popo wa aina 16, wakijumlishwa pamoja, wameongezeka zaidi ya 40 kwa mia. Hawakuongezeka kwa sababu watu waliwafuga. Waliongezeka kwa sababu waliachwa walale.

Sisi tujifunze nini?

Wanafunzi wapenzi, pwani yetu haina theluji, na mapango yetu yana joto lisiloipendeza kuvu ile. Lakini moshi, moto na mawe ya watoto yanaweza kufika katika pango lolote. Mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo nilikuwa hodari wa kuwatupia popo mawe, wala hakuna mtu mzima aliyenikataza. Leo ninyi ndio watu wazima.

Hata hivyo sisemi mkawashike popo wala mkacheze mapangoni. Popo wengine huchukua magonjwa. Nchini Kenya, mwaka 1980 na tena mwaka 1987, watu waliotembelea pango la Kitum katika Mlima Elgon waliugua homa kali ya Marburg. Kwa hiyo kuwaacha popo peke yao ni usalama wao, na ni usalama wetu pia.

Tumeona mambo matatu leo. La kwanza, watu wa Mammoth waliwafukuza popo bila kukusudia. La pili, watu wa Wyandotte walijenga ukuta kwa nia njema, wakakosea, lakini walipoona kosa waliubomoa. La tatu, kuvu ndogo isiyoonekana kwa urahisi iliangusha mamilioni, kwa sababu ilikuta akiba ndogo na uzazi wa polepole. Kujua kosa na kulibomoa ndiyo faida ya kujifunza historia.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini popo wa nchi za baridi hulala miezi mingi, na wetu hawalali hivyo?
2. Ukuta wa Wyandotte ulijengwa kwa sababu gani? Uliwadhuru popo kwa njia gani?
3. Eleza kwa maneno yako mwenyewe mfano wa gunia la mahindi.
4. Pango lina popo 400. Wakifa 90 kwa mia, watabaki wangapi?
5. Je, katika kijiji chenu liko jambo lililofanywa kwa nia njema likaleta hasara? Limerekebishwa?

Andikeni majibu yenu katika daftari, kila mtu kwa mkono wake, hata kama ni mstari mmoja. Mwalimu atayasahihisha. Mpaka tutakapokutana tena katika somo lijalo, kwaherini, na mlale vizuri.